Muhuri wa mtendaji na ukuta wa mtaa wa Matiční

Wanaonijua wanajua nina stesheneri hapa Mwanga, Kigoma mjini, kijichumba tu cha fotokopi, kuchapa, laminesheni na picha za pasipoti, na wanajua pia nina tabia moja ambayo marehemu mama aliipigia kelele mpaka akachoka, kila karatasi inayopita mkononi mwangu lazima niisome. Siwezi kuchapa kama mashine. Mtu akileta barua ya talaka namhurumia, akileta katiba ya kikoba naanza kumkosoa kipengele cha faini. Sasa wiki tatu zilizopita kijana mmoja wa chuo, yuko likizo kwao Ujiji, akaniletea kurasa kumi na nne za kuandikwa kwa mkono, mwandiko wenyewe kama kuku kapita kwenye tope, kichwa cha kazi ni jinsi serikali za mitaa zinavyoweza kupambana na ubaguzi dhidi ya Waroma na Travellers huko Ulaya.

Nikamuuliza, mdogo wangu, Waroma si ndo watu wa Roma, wa kwa Papa?

Akacheka. "Hapana dada, hawa ni wale mnaowaita Wajipsi."

Wajipsi mi nilikuwa nawajua wa kwenye tamthilia, mwanamke ana hereni kubwa kama bangili anasoma viganja vya watu, basi. Lakini hiyo kazi yake nimeichapa siku mbili, umeme ukikatika nasoma kwa tochi ya simu, nikimaliza ukurasa naingia mtandaoni kuchimba zaidi, na toka siku hiyo sijatulia. Nikaona hapana, hii niiandike, manake kuna watendaji na madiwani wanaonisoma (mnajijua) na kuna kitu humo kinatuhusu sana sisi wa Kigoma kuliko kinavyoonekana.

Kwa kifupi kwa wasiowajua. Waroma Ulaya wako kama milioni 10 mpaka 12, karibu milioni 6 kati yao wako ndani ya nchi za Umoja wa Ulaya. Asili yao ni India ya kaskazini, walitoka huko yapata miaka elfu moja iliyopita, na kwa lugha yao, Kiromani, maji mpaka leo ni pani, vilevile kama kwa Kihindi. Wenyeji wa Ulaya walipowaona wakadhani wametokea Misri, kwa Kiingereza Egypt, ndo likazaliwa hilo jina la Jipsi, na wengi wao hawalipendi, wanaliona tusi. Kwenye nchi ambayo leo ni Romania walikuwa watumwa wa kuuzwa na kununuliwa, wa watawala, wa matajiri na hata wa nyumba za watawa, mpaka miaka ya 1850 huko. Hapo niliacha kuchapa kidogo. Sisi watu wa Ujiji tukisikia neno mtumwa akili inakimbilia ile miembe mizee ya njia ya misafara, sikuwahi kufikiria kwamba miaka hiyohiyo Ulaya penyewe kuna watu walikuwa wanapigwa mnada. Afu wakaja Wanazi wa Ujerumani, usiku wa tarehe 2 Agosti 1944 kwenye kambi yao ya mauaji ya Auschwitz-Birkenau wakauawa Waroma kama 4,300, wengi wao wanawake, watoto na wazee. Travellers nao ni habari nyingine, wale wa Ayalandi ni Waayalandi kwa asili, hawana cha India, ila wana lugha yao na mila zao na toka zamani maisha yao yalikuwa ya kuhama na mikokoteni ya farasi, baadaye makaravani.

Na hapo kuna jambo ambalo watu wengi wanakosea, na mimi nilikosea. Tunadhani Waroma wote ni wahamaji. Siyo. Walio wengi sana wameishi sehemu moja vizazi na vizazi, wana nyumba, wengine wana magorofa, wengine wana vibanda vya mabati na mbao pembeni ya mji, lakini hawahami. Wanahamishwa. Halmashauri inakuja na katapila, wanasogea mita mia tano, baada ya miaka miwili katapila limerudi, afu mtu wa takwimu anaandika "jamii ya wahamaji". Italia mwaka 2008 walitangaza kabisa hali ya dharura eti kwa sababu ya "wahamaji", watu ambao wengi wao walikuwa wanaishi kwenye kambi zilizowekwa na manispaa zenyewe, mpaka mahakama yao ya juu ya mambo ya utawala ikaja kusema Novemba 2011 kwamba ile dharura haikuwa halali. Miaka mitatu hiyo.

Sasa ukuta.

Kuna mji Jamhuri ya Cheki unaitwa Ústí nad Labem, una mtaa unaitwa Matiční. Upande mmoja maghorofa ya manispaa wanaishi Waroma, upande wa pili nyumba za watu binafsi. Wenye nyumba wakalalamika kelele na takataka. Sasa jamani, malalamiko ya kelele na takataka hapa kwetu yanaishia kwa mwenyekiti wa mtaa, mnakaa kwenye benchi, mnagombezwa wote, mnapewa zamu ya kufagia. Wale waliochaguliwa wa pale wakapitisha wajenge ukuta. Oktoba 1999 ukajengwa kweli, polisi wakisimamia, mita 60 na ushee, kwenye mtaa wa watu. Rais wao Václav Havel akapinga, Ulaya nzima ikapiga kelele, serikali kuu ikaupa mji hela koruna milioni 10, sehemu ya hela ikanunua nyumba za wale walalamikaji, na tarehe 24 Novemba mwaka huohuo ukuta ukabomolewa. Ulidumu wiki sita.

Kinachonikaa kichwani sio ukuta, ni nani aliujenga. Hakuwa dikteta, hakuwa mbunge, hakuwa waziri. Ni ngazi ya chini kabisa, ngazi ya hawa wetu wa baraza la madiwani, watu wanaojua jina la mbwa wako. Na huyo kijana kaandika kitu kwenye ukurasa wa tano (nilimrekebishia tahajia tu, wazo ni lake) kwamba ubaguzi haukai bungeni, bungeni kuna sheria nzuri tupu, ubaguzi unakaa kwenye dirisha la ofisi ya kata. Nani anapata maji. Gari la taka linaishia kona gani. Daftari la wakazi lina majina ya nani. Hayo hayahitaji Katiba kubadilishwa, yanahitaji mtu mmoja mwenye muhuri.

Wakati nachapa huo ukurasa akaingia mzee mmoja wa vijiji vya huku ziwani, kanzu imefuliwa mpaka imekuwa kama karatasi, kashika mfuko wa rambo. Nikamwamkia, shikamoo babu, marahaba mwanangu. Akaumwaga mfuko mezani. Kadi ya TANU ya baba yake, imeliwa na mende pembeni. Kadi yake ya kupigia kura. Kadi za kliniki za watoto wake, nne, zimefungwa raba. Cheti cha ndoa cha msikitini. Anahangaikia kitambulisho cha taifa, kwenye ofisi moja wamemwambia vithibitisho havitoshi, alete vya mama yake. Mama yake kazaliwa enzi hizo, cheti cha kuzaliwa kitatoka wapi? Akaniambia, "Mwanangu, wameniuliza bibi yangu kazikwa wapi. Nikawaambia pale chini ya mchikichi. Wakaniuliza mchikichi gani."

Mnaotoka Kigoma hamhitaji nieleze. Kiha chetu na Kirundi ni lugha ndugu, ukiongea unaelewana, mpaka wa Burundi uko hapo, basi kila mmoja wetu kashawahi kuambiwa Mrundi wewe. Ukishuka Dar na begi lako la mgebuka wa kukausha, cha kwanza unaitwa Mrundi, cha pili unaombwa dawa. Tunacheka, tumezoea, lakini ukifika kwenye dirisha lenye fomu kicheko kinaisha. Mimi mwenyewe niliwahi kuambiwa nitaje majina ya babu mpaka wa nne, na jamaa niliyekuwa naye kwenye foleni, wa mkoa mwingine, yeye kaulizwa jina la mtaa tu.

Ndo nikaielewa ile sehemu ya anwani. Huko Ulaya Mroma anayeishi kwenye kibanda hana anwani kwa sababu kibanda hakina kibali, bila anwani hawamwandikishi, bila kuandikishwa hana kitambulisho, bila kitambulisho hapati kazi ya maana wala kadi ya hospitali, bila kazi hawezi kutoka kwenye kibanda. Mduara. Na anayeweza kuukata ni halmashauri peke yake. Hispania wana daftari la manispaa linaitwa padrón, na sheria inaibana manispaa imwandikishe kila anayeishi pale, awe kwenye gorofa, kibandani, kwenye karavani, hata pangoni, wameandika kabisa pangoni, manake hilo daftari kazi yake ni kusema mtu yuko, halihusiki na uzuri wa nyumba yake wala umiliki wake. Serbia nao waliweka kwenye sheria ya mwaka 2011 kwamba asiye na anwani anaweza kuandikishwa kwa anwani ya ofisi ya ustawi wa jamii. Kitu kidogo hivyo. Anwani ya kuazima. Nikamwangalia babu na kadi yake ya TANU nikasema hii ndo sera ambayo ningeipigia kura mimi.

Nilimwandikia barua ya kumpelekea mtendaji wake, nikamwonyesha pa kupigwa muhuri.

Kuna watakaosema dada unalinganisha vitu visivyolingana, sisi hatujauliwa kwenye makambi. Kweli, silinganishi mateso. Nalinganisha madirisha.

Na hata ukipata karatasi kutoka juu, kama ngazi ya chini haijakupokea bado una kazi. Shangazi yangu kaolewa Kaliua, Tabora, karibu na Ulyankulu, kwenye makazi ya wale Warundi waliokimbia kwao mwaka 1972 na watoto wao, ambao serikali yetu iliwapa uraia, watu kama 162,000 ukijumlisha na wa Katumba na Mishamo. Tanzania ilifanya jambo ambalo nchi nyingi haziwezi na tujisifu kwa hilo. Lakini shangazi anasema pale sokoni mpaka leo ukigombana na mtu kwenye bei ya karanga haikawii kutoka "rudi kambini kwenu", na huyo anayeambiwa hivyo ana uraia, ana kadi ya kura, na karanga kalima yeye.

Turudi Ulaya. Mambo ya sehemu za kuegesha makaravani yalinichosha kidogo kusoma lakini yana funzo la siasa. Uingereza mwaka 1968 walitunga sheria ya kuzilazimisha halmashauri kutenga viwanja vya Travellers na Wajipsi. Vikapatikana, siyo vyote lakini vikapatikana. Mwaka 1994 wakaufuta huo ulazima. Halmashauri zikawa huru kutenga au kutotenga, na mnajua diwani akiwa huru achague kati ya familia ishirini za makaravani na wapiga kura elfu mbili wasiowataka atachagua nini, hahitaji hata kufikiria. Ufaransa waliweka lazima mwaka 2000, kila komuni (ndo halmashauri zao za chini) yenye watu zaidi ya 5,000 itenge eneo, na bado kuna zinazokwepa mpaka leo. Ayalandi wana sheria ya 1998, kila halmashauri iwe na mpango wa makazi ya Travellers, na hela inatoka serikali kuu, yaani siyo hata ya mfukoni mwao. Miaka na miaka halmashauri nyingi zikawa hazimalizi hiyo hela. Mkurugenzi wa huku kwetu akisikia kuna halmashauri inarudisha hela ya maendeleo kwa hiari si atazimia. Lakini kuitumia maana yake kujenga, na kujenga maana yake majirani kuandamana, kwahiyo bora irudi.

Tarehe 10 Oktoba 2015 moto ukatokea Carrickmines, nje ya Dublin, kwenye eneo la muda walipokuwa wamewekwa Travellers. Walikufa watu kumi, watoto watano humo ndani, wa familia moja ya ukoo. Halmashauri ikatafuta sehemu ya kuwaweka walionusurika, ikapata kiwanja. Wakazi wa jirani wakaegesha magari yao kuziba njia ili mashine zisiingie kuandaa kiwanja. Watu hawajazikwa bado.

Hiyo nilisoma mara mbili nikafunga duka saa kumi na moja, nikaenda kukaa Kibirizi kuangalia maboti.

Mwaka 2017 mwezi wa tatu tarehe mosi, waziri mkuu wao Enda Kenny alisimama bungeni akatamka rasmi kwamba Travellers ni kabila linalotambulika ndani ya taifa la Ayalandi. Walipiga makofi, wengine walilia. Mi sidharau, kutajwa ni kitu kikubwa. Ila tamko halina bomba la maji. Bomba liko halmashauri.

Sasa nani kafanya vizuri? Kuna kijiji Slovakia kinaitwa Spišský Hrhov (msiniulize inatamkwaje), hakifiki watu 2,000, Waroma ni wengi tu humo. Alichaguliwa meya mwaka 1998 anaitwa Vladimír Ledecký, na yeye hakuanza na semina. Alianzisha kampuni ya kijiji yenyewe, ya ujenzi na kazi za barabara, akaajiri watu wa kijiji wakiwemo Waroma ambao hakuna aliyekuwa anawaajiri, na nyumba zikajengwa zikiwa zimechanganyika, siyo kule Waroma huku wengine. Wenzake wa vijiji vya jirani wao wanalia Waroma hawataki kazi. Ya kwake yalikuwa mahesabu ya mwenye duka kabisa, ukimwacha jirani yako maskini kijiji kizima kinakuwa maskini, vijana wanaondoka, na bei ya nyumba yako inashuka na wewe umo ndani.

Nilichompendea ni kwamba alidumu. Muhula mmoja mtu yeyote anaweza kubahatisha, lakini huyo walimrudisha na kumrudisha karibu miaka ishirini, na waliomrudisha wengi hawakuwa Waroma. Mameya wanaosema "mimi ningetaka lakini wananchi hawatanielewa" sijui wanajibu nini hapo.

Romania toka 2002 wana wapatanishi wa afya, wanawake wa Kiroma wenyewe, wengi ni akina mama wa hapohapo mtaani, wanalipwa kuunganisha familia na zahanati, kumsindikiza mjamzito, kufuatilia chanjo, kumwambia daktari kwa adabu kwamba dokta huyu mama hajakuelewa na wewe hujamuelewa. Ni kama wahudumu wetu wa afya ngazi ya jamii, wale wanaopita na begi na daftari. Imefanya kazi vizuri mpaka ikafika 2009 wakagatua, wapatanishi wakakabidhiwa kwa serikali za mitaa, na baadhi ya mameya wakawa hawana habari nao, mshahara unachelewa, mkataba hauhuishwi. Kwahiyo nyie mnaosema kila kitu kigatuliwe tu, ugatuzi bila hela iliyotengwa ni kumsukumia mtu mzigo gizani.

Shule ndo panaponiuma zaidi. Mji wa Ostrava, Cheki tena. Watoto 18 wa Kiroma wakafungua kesi, ikafika mahakama ya Ulaya ya haki za binadamu, hukumu ikatoka tarehe 13 Novemba 2007 wakashinda. Ishu ilikuwa nini, watoto wa Kiroma walikuwa wanapimwa akili kwa mitihani iliyotungwa kwa ajili ya mtoto wa Kicheki, kwa Kicheki, kwa mambo ya nyumbani kwa Wacheki, wakifeli wanapelekwa shule maalum za watoto wenye ulemavu wa akili. Waroma walikuwa kama asilimia 2 tu ya wanafunzi wa msingi pale mjini, lakini zaidi ya nusu ya waliokuwa shule hizo maalum. Mtoto wa Kiroma alikuwa na uwezekano mara 27 kupelekwa huko kuliko mwenzake. Na mzazi kasaini fomu! Ndo walichojitetea nacho, mzazi alisaini. Mimi nachapa fomu kila siku, najua watu wanavyosaini.

Mnawajua watoto wanaokuja mjini wanajua Kiha tu, mwalimu anauliza kwa Kiswahili, mtoto anaduwaa, anaandikwa mzito. Mdogo wangu wa mwisho aliandikwa mzito darasa la kwanza. Sasa hivi ni fundi wa injini za boti, anaifungua injini amefumba macho.

Bulgaria, mji wa Vidin, mwaka 2000 shirika la Waroma wenyewe halikusubiri, likakodi mabasi, asubuhi yanabeba watoto kutoka mtaa wa Waroma yanawapeleka shule za mjini kuchanganyika na wenzao, na ndani ya basi wapo watu wazima wa kuwasimamia, kwa wasio na viatu wanatafutiwa viatu. Maneno yote ya sera, na mwisho wa siku ilikuwa basi na viatu. Kukodi basi ni kazi ambayo halmashauri yoyote duniani inaiweza, hata yetu ikiamua kupunguza posho za vikao viwili.

Semina sizitaki kabisa mimi. Tarehe 8 Aprili ni siku ya Waroma duniani, wana bendera yao nzuri ya bluu na kijani ina gurudumu jekundu katikati, na mji unaweza kuipandisha asubuhi watu wakapiga picha, jioni yake mtu yuleyule akasaini notisi ya kubomoa. Tunayajua hayo, siku ya mtoto wa Afrika tunavaa fulana.

Nimeandika mengi ya Wazungu, sasa niandike la kwangu, manake nikiliacha nitakuwa mnafiki.

Upande wa chini huku, karibu na reli, kuna familia ilikuja mwaka juzi. Baba, mama, watoto wanne. Wanaokota vyuma chakavu, wanauza kwa kilo. Mtaani wakasema ni Warundi, wengine wakasema hapana ni wafugaji waliofilisika wametoka Uvinza, hakuna aliyewauliza wenyewe. Sufuria likipotea ni wao. Betri ya pikipiki ikiibiwa ni wao. Mwaka jana majirani wakaandika barua ya malalamiko kwenda kwa mtendaji kwamba waondolewe, wanahatarisha usalama na afya ya mtaa, na barua hiyo nani kaichapa? Mimi. Elfu moja mia tano. Nikairemba kabisa, nikaweka "Kichwa cha habari hapo juu chahusika", nikawashauri waongeze orodha ya majina na sahihi iwe na uzito. Sahihi ishirini na tatu. Na yangu ipo, ya kumi na moja.

Mtoto wao wa pili, kama miaka minane hivi, aliwahi kuingia dukani kuulizia bei ya fotokopi. Kabla sijamjibu mkono wangu ukaenda wenyewe kwenye boksi la kalamu ukalifunika. Akauona mkono. Akaniangalia mimi, akaangalia mkono, akaniambia, "Samahani mama, nauliza tu," akatoka kinyumenyume.

Magari ya Carrickmines na ule mkono wangu sioni tofauti yake, labda ukubwa.

Mtendaji wa mtaa wetu ni msichana mdogo tu, kaajiriwa juzijuzi, watu wanamdharau kwa sababu anakuja na bodaboda ya mkopo. Ile barua aliipokea, akaigonga muhuri wa kupokelewa, akawaambia waliompelekea ataifanyia kazi. Kesho yake akashuka relini na daftari la wakazi. Akakaa kwenye ndoo, akaandika majina sita, umri, walikotoka, kazi wanayofanya. Kazi akaandika "biashara ya vyuma". Ndo hivyo tu alivyoifanyia kazi. Walalamikaji waliporudi kuuliza akawaambia hawa ni wakazi, wako kwenye daftari, kama kuna mwenye sufuria lililopotea aende polisi akafungue jalada, na Jumamosi ya usafi nao watapangiwa eneo kama wengine. Watu walinuna wiki nzima. Mmoja alisema kala rushwa, rushwa ya vyuma chakavu sijui.

Sikuwahi kuuona ukubwa wa kile alichofanya mpaka nilipochapa hizo kurasa kumi na nne. Hakutoa hotuba, hakusema tupendane, alifungua ukurasa mpya kwenye daftari na kuandika.

Jumanne iliyopita mama wa hiyo familia kaja dukani na yule mtoto. Kashika barua ya mtendaji yenye muhuri wa bluu ya kumtambulisha mtoto kwenda kuandikishwa shule, anataka laminesheni. Nikamwambia dada, barua ya ofisi haipigwi laminesheni, watataka kuiweka kwenye faili, na ikishafungwa hivyo hawataweza kuandika chochote juu yake. Akasema anajua, mwalimu atapewa fotokopi, hii yenyewe inabaki kwake, "nyumba inavuja". Mtoto kasimama mbali na boksi la kalamu, mikono kaifungia nyuma. Nikawasha mashine, tukasubiri ipate moto, hatuna la kuongea. Nikamtolea fotokopi tatu na laminesheni moja, nikamchaji elfu moja na mia tatu, bei ya kila mtu, akahesabu sarafu mojamoja akanipa.

Babu wa kadi ya TANU hajarudi bado. Ile barua ya malalamiko ipo kwenye kompyuta, nimeiona jana natafuta kitu kingine, sijaifuta. Na wewe kijana wa Ujiji, kazi yako ipo tayari toka wiki iliyopita, nimeifunga na spairo kabisa, ulilipa nusu, njoo na elfu saba yako kabla likizo haijaisha.